Mrehani Kwenye Makaburi ya Watu wa Kale

Nilimwambia tangu kwenye treni: hicho kijiko kiache. Hakunisikia. Rafiki yangu huyu ni mpole mpaka anaudhi, ila akishaamua jambo, hata umpige haachi.

Mama yake alikuwa amefariki Tanga katikati ya mitihani, na mazishini hakuwahi. Yeye yuko Guangzhou kwa ufadhili wa masomo. Mimi ni mtu wa mikoba, nashinda soko la ngozi la Shiling nakagua zipu na mishono, jioni narudi mtaa wetu wa Xiaobei. Shule sikufika mbali, na Kichina changu ni cha kununulia tu. Lakini nilipotua mji huu sina pa kulala, huyu ndiye aliyenilaza chumbani kwake. Ukimgusa yeye, umenigusa mimi.

Kuna msitu ndani ya jiji, maghorofa yameuzunguka. Juu ya kilima waliishi watu zamani sana, kabla chuma hakijajulikana. Walichimba handaki kuzunguka kijiji chao na kuinua ukuta wa udongo ili adui asipande. Handaki bado lipo, limeota nyasi. Nyuma yake kuna matuta makubwa ya mviringo, ndiyo makaburi yao. Rafiki yangu alisoma kibao chote, na tangu hapo kila Ijumaa akawa anakwenda kukaa pale kusoma Yasini.

"We vipi? Hawa hata Waislamu sio," nilimwambia.

"Siwasomei wao. Namsomea mama. Nataka tu niwe nimekaa penye kaburi."



Kwetu kaburi unalimwagia maji, na upande wa kichwani unapanda mrehani. Likikaa tupu, utadhani marehemu hakuacha mtoto. Basi alikuwa ameotesha mrehani kwenye kopo la mtindi, dirishani bwenini, na Ijumaa hiyo nikamsindikiza. Akachagua tuta dogo la mwisho, akamwaga maji ya chupa, akatoa kijiko. Shimo halikuzidi kikombe cha kahawa. Akapanda, akashindilia, akainua mikono kuomba dua.

"Ei! Ei!"

Mlinzi alitoka mbio kwenye miti, mtu mzima, jasho linamtiririka. Akatazama kijiko. Akatazama udongo mbichi. Ujue pale kuna wezi huja kufukua vyungu vya kale wakauze, na kibao kinasema wazi kuwa kuchimba ni jinai. Rafiki yangu alikuwa amekisoma! Ila kichwani mwake yeye hakuchimba. Alipanda.

Mlinzi akadai pasipoti, akaipiga picha, simu akaiweka sikioni. Nikasikia neno moja ninalolijua vizuri: jingcha. Polisi. Nikaona yote kwa mara moja: chuo kinamfuta, viza inakatwa, jamaa anashuka Dar bila shahada.

"Laoban, muache!" Nikamsogelea. Hilo neno la kumwita bosi ndilo pekee lililonijia. Akarudi nyuma, filimbi mdomoni.

"Kaka, ukimgusa tumekwisha wote," rafiki yangu akasema. "Nyamaza. Tafadhali."

Nikarudi hatua moja. Yeye akaanza kumweleza mlinzi kwa Kichina chake kizuri, taratibu, mikono imeshikana mbele kama yuko kwa mkwe. Niliambulia neno "mama" tu. Mlinzi akashusha simu, akauliza kitu, akajibiwa. Akautazama ule mche. Kisha akasema maneno ya harakaharaka akionyesha chini.

"Anasemaje?"

"Tung'oe, tufukie, afute picha, twende zetu. Mkuu wake yuko njiani. Akiukuta umesimama, hana la kutusaidia."

"Sasa si ung'oe!"

Hakusogea. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kung'oa mti wa kaburini kwa mama yangu. Siwezi."

"We, hili si kaburi la mama yako!"

Alivyonitazama, ni bora angenizaba kofi. Huku chini pikipiki ya umeme ilishaanza kupanda njia ya saruji, tunaisikia matairi. Mlinzi akawa anapunga mkono, haraka, haraka. Nikapiga magoti nikaung'oa mimi. Nikafukia, nikalainisha kwa kiganja. Mlinzi akamwaga majani makavu juu, mche akautia mfukoni, akafuta picha mbele ya macho yetu, kisha akatuonyesha handaki, siyo geti.

Tukateleza mpaka ndani, tukalala kwenye nyasi. Juu yetu mkuu akauliza jambo kwa ukali. Mlinzi akamjibu, "Mei you." Hakuna. Neno ninalolichukia kuliko yote sokoni, kila duka wananitupia hilo hilo. Siku hiyo nilitamani alirudie.

Kwenye treni rafiki yangu alikaa behewa jingine. Simu zangu hakupokea. Mitihani ya muhula uliofuata alifanya, nilisikia kwa watu. Na mimi nikasema potelea mbali, anichukie akiwa hapahapa Guangzhou.

Halafu mchana mmoja niko Xiaobei nakula, akaja akasimama kwenye meza yangu. Hata salamu hakuna.

"Mizizi ilitoka yote?"

"Yote."

"Hukuikata?"

"Sikuikata. Wallahi."

Akavuta kiti. "Basi mlinzi akiupanda popote, utashika. Haya, niagizie wali. Na pilipili waiweke pembeni."