Farasi wa Bi Miao

Si kweli kwamba marehemu Qu Baocang alikuwa amelewa siku ya kumzika mama yake. Wanaosema hivyo walisimama nyuma, wakaona bakuli, wasione kilichomo.

Baocang alikuwa fundi wa wanyama wa karatasi wanaochomwa makaburini. Kila mtu anajua: mwanamume huchomewa farasi, mwanamke huchomewa ng'ombe, ili huko aendako ng'ombe amnywee maji machafu yote aliyomwaga maishani. Baocang hakuwahi kukosea. Lakini mama yake, Bi Miao, alipozidiwa, alimwita kitandani.

"Mwanangu, ng'ombe simtaki."

"Mama, watu watasemaje?"

"Waseme. Utotoni, nikichunga mbuzi kwenye makaburi ya wafalme, nilikuwa nampanda yule farasi wa jiwe mwenye mbawa. Hakuruka hata siku moja, mvivu yule! Nitengenezee atakayeruka."

"Na maji machafu atayanywa nani?"

"Si niliyamwaga mwenyewe? Nitayanywa."

Hilo la mwisho Baocang hakulikubali.

Siku ya maziko alitoka na farasi mweupe, mbavu za mabua ya mtama, mbawa pana kama milango. Shangazi yake akapiga kelele.

"We Baocang! Umelewa? Mama yako alikuwa na ndevu?"

Watu wakacheka, tena msibani! Baocang alipokea bakuli kutoka kwa mkewe, mwalimu Jing Suyun, akalinywa hadi tone la mwisho, uso umemkunjamana. Kisha akawasha moto.

Upepo ukashuka mlimani. Mbawa zikajaa, farasi akanyanyuka na moto wake, akapita juu ya vichwa, juu ya shamba la ngano, akizidi kupanda!

"Mama, shika shingo!" Baocang alimkimbiza shambani kama mtoto, viatu vimemtoka.

Hata shangazi alikuwa akirukaruka. "Huyoo! Anakwenda! Wifi, usitazame chini!"

Jioni shangazi alimfuata Suyun jikoni.

"Nambie, mwanangu. Alikunywa pombe gani ile?"

"Maji ya kuoshea vyombo, Shangazi. Niliyachota mwenyewe kwenye karai la mama. Alimnywea, asije akayakuta huko."

Shangazi akashika mdomo. "Yote? Na hakutapika?"

Suyun alifunika karai.

"Umeshasikia alichokunywa na sababu yake. Mengine ni ya mtu na mama yake, na mimi sisemi."