Mama Usingizi Asimamisha Roboti

Saa mbili asubuhi, Mama Usingizi anavuta kiti hadi kichwani pa mgonjwa na kumshika mkono. Mgonjwa ni fundi wa kuchomelea vyuma, mzee mwenye makovu ya cheche hadi viwikoni. Leo anatolewa tezi dume yenye saratani, na macho yake hayabanduki kwenye roboti yenye mikono minne.

"Mwanangu, hilo dude lina leseni?"

"Lina dereva, baba. Yule daktari pale kwenye kona. Mimi ndiye breki."

Mzee anacheka. Kabla kicheko hakijaisha, usingizi umemchukua.

Jina la Mama Usingizi alibandikwa na wauguzi wenzake, likamganda. Kazi yake ni nusukaputi: kumlaza mgonjwa, kumlinda, kumrudisha. Kwenye upasuaji wa roboti, kitanda huinamishwa, kichwa chini miguu juu, na tumbo hujazwa gesi ili daktari aone vizuri. Gesi hiyo hubana mapafu. Mikono ya roboti ikishaingia, mgonjwa hatakiwi hata kukohoa.

"Watu hudhani nikishamlaza nakwenda kunywa chai," anasema. "Chai gani? Hapo ndipo kazi inaanza."

Aliingia fani hii kwa ajili ya marehemu baba yake. "Baba aliogopa nusukaputi kuliko ugonjwa wenyewe. Kila akiitwa kupasuliwa, eti ana safari. Hakuna aliyekaa naye akamweleza. Alipokubali, maji yalikuwa yamezidi unga."

Kengele inalia. Oksijeni ya fundi, iliyokuwa tisini na nane, inashuka. Tisini na moja. Themanini na nane.

"Daktari, simama."

"Nipe dakika moja, niko pabaya."

"Sina dakika ya kukupa. Toa vifaa, punguza gesi."

Daktari anatii. Mama Usingizi anajipenyeza chini ya mikono ya roboti na kusikiliza kifua. Kulia kuna pumzi, kushoto hakuna. Gesi imesukuma mapafu juu, na mrija wa kupumulia umezama kwenye pafu moja. Anabandua plasta inayoushikilia, anaurudisha nyuma taratibu, anasikiliza tena. Sasa pumzi ziko pande zote mbili. Namba zinaanza kupanda.

"Haya, endelea."

"Asante, mama."

Baadaye, akivua glavu, daktari anakiri bila kuumauma maneno: "Mimi huona tumbo tu. Yeye ndiye anayemwona mtu."

Mchana, fundi anafumbua macho, uso umemvimba kwa kulala kichwa chini.

"Nimeamka, au bado?"

"Umeamka," mkewe anamjibu huku akijifuta machozi. "Ila unafanana na mtu aliyechokoza nyuki."

"Uvimbe utashuka kesho, mama, usijali," Mama Usingizi anamtuliza mke, naye anacheka.

Kuanzia mwezi ujao, hospitali itampa Mama Usingizi chumba kimoja, alasiri moja kila wiki, akae na wanaume wanaosubiri upasuaji, wao na wake zao, waulize lolote. Fundi aliposikia, aliomba naye awepo.

"Nimemkubalia hapo hapo," anasema Mama Usingizi. "Mimi nitawaeleza jinsi ya kulala. Habari za kuamka, wazisikie kwa aliyeamka."