Nimejifuta alama ya kwetu, sasa zamu ya binti yangu

Msomaji huyu ametuomba tufiche jina lake na la mumewe. Tunaitoa barua yake kama alivyoiandika.

Wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mwanamke wa Kigogo. Umri wangu siujui kwa hakika, wanasema nilizaliwa mwaka wa njaa, nadhani nimepita ishirini kidogo. Nimeolewa na karani wa stesheni hapa Dodoma, mtu wa pwani aliyekuja na reli ya Wadachi, yaani Wajerumani. Tuna binti mmoja, bado mdogo.

Nilipokuwa mtoto mama yangu alinichoma alama ya duara katikati ya paji la uso, kama wanawake wote wa kijijini kwetu Zuzu. Nakumbuka shangazi alinishika kichwa, na baadaye nikapewa maziwa na kusifiwa siku nzima kwamba nimekuwa mtu. Sikuwahi kuiona ile alama kuwa ubaya. Hata mume wangu aliponiposa hakuisema. Mwaka wa kwanza alinifundisha kusoma na kuandika, tukikaa ukumbini akinishika mkono kwenye kalamu, na tulikuwa tunapendana sana.

Mambo yaligeuka makarani wenzake walipoanza kuleta wake zao kutoka pwani. Wanawake wale walipaka wanja na kuvaa kanga safi, wakiniona wanaguna. Mmoja aliniuliza kisimani, "Na hilo la usoni nani alikupiga chapa, kama ng'ombe?" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, maana sikujua nifanye nini na uso wangu.

Siku ya Idi tulipata wageni. Nilikuwa nimeshika sinia la wali, mgeni mmoja akamuuliza mume wangu, "Huyu mshenzi umempata wapi?" Mume wangu akajibu, "Ni mpishi wetu." Niliweka sinia chini, nikarudi jikoni, nikakaa huko mpaka walipoondoka. Alikuja kuniomba radhi. Nikamwambia yamekwisha, lakini hayakuwa yamekwisha.

Ndipo nilipomwendea mke wa fundi mmoja wa karakana. Alinipa dawa kali wanayooshea chuma, akasema inakula ngozi na ngozi mpya huota safi. Nilijipaka mwenyewe, mume wangu akiwa kazini. Siwezi kueleza yale maumivu. Kidonda kilioza, nikalala kwa homa, na kilipopona kikaacha kovu pana linalovuta unyusi mmoja juu. Sasa nina sura ya mtu anayeshangaa kila wakati. Mume wangu aliponiona alishika kichwa akasema, "Mimi sikukuambia ufanye hivi." Ni kweli, hakuniambia.

Sasa amepewa uhamisho kwenda Tabora. Anasema, "Twende, kule hakuna anayekujua. Tutasema uliungua moto." Nilikubali, nikaanza kufunga vyombo.

Juzi mama alikuja kutuaga. Nilimwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa, akaniinua kidevu. Aliniangalia usoni. Kisha akauliza, "Nani amekufuta?"

Nikasema, "Ni mimi mwenyewe, mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa chini, akamwita mjukuu wake, akampakata. Akasema, "Wewe umeshajifuta, basi. Lakini huyu mnampeleka mbali. Akirudi mtu mzima na mimi nimekufa, watu wa kwetu watajuaje kuwa ni wetu? Niachieni nimtie alama kabla hamjaondoka." Akapitisha kidole kwenye paji la mtoto, polepole, kama anatafuta pale patakapofaa.

Nilimnyang'anya mtoto. Sikupanga, mikono yangu ilikwenda yenyewe. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Mama akabaki na mikono mitupu mapajani. Hapo niliona aibu ambayo hata siku ya Idi sikuiona.

Baadaye mume wangu alinivuta chumbani akaniambia waziwazi, "Mtoto akitiwa ile alama, nyinyi wawili mtabaki hapa." Namwelewa. Hataki mwanawe aulizwe kisimani nilivyoulizwa mimi, nami sitaki. Lakini mtoto amekwisha kunishika kovu akaniuliza kama bibi yake pia aliungua moto, na kwa nini la bibi ni zuri.

Mama hajarudi Zuzu. Amekataa kulala ndani, anakaa uani kwenye kivuli cha ukuta. Nikimpelekea chakula anapokea, anashukuru, wala hanisukumi. Anasema atangoja mpaka gari la moshi liondoke.

Nikimkubalia mama, nampoteza mume na mtoto wangu atachekwa kama mimi. Nikimkatalia, nitapanda gari la moshi yeye akiwa amesimama pale anatuangalia, nami sijui nitamtazama kwa uso gani. Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi wanawake mliotiwa alama na mlioolewa mbali, niambieni: ningekuwa binti yenu, mngenishauri nifanye nini?