Kitu Yangu

Ndugu msomaji, mzee aliyenisahihisha Kiswahili miaka nenda miaka rudi ametutoka wiki hii. Alikuwa mtu wa Mombasa, mwalimu wa madrasa katikati ya jiji la Nairobi na mpitiaji wa makala zetu gazetini. Mimi mtu wa Ukambani nikiteleza tu, nikasema "kitu yangu", alivua miwani. "Kitu changu, bwana. Hicho kitu kimekukosea nini?" Alinichosha, nami nilimpenda.

Alipougua saratani ya damu alikwenda India kwa tiba ambamo chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hufunzwa kuiwinda saratani, kisha hurudishwa mwilini. Madaktari walionya kwamba vita hivyo huweza kuuvuruga ubongo, na kwamba dalili ikigunduliwa mapema, dawa huzuia makubwa. Kila asubuhi walimwuliza kwa Kiingereza yuko wapi, hiki nini, kile nini. Alijibu sawasawa.

Mchana mmoja alinipigia simu, nami nipo nyumbani Loresho nikiota jua barazani. Sauti ilikuwa yake, ya upole, bila haraka. "Niaje, buda? Hii kitu yangu ya macho imepotea." Nikacheka, nikangoja naye acheke. Hakucheka. "Kitu yangu," akarudia. "Kitu yangu." Nikaomba nipewe mkewe, aliyekuwa naye huko hospitalini.

"Shemeji, mwite daktari. Sasa hivi."

"Si anawaiga tu mnavyosema huko Nairobi? Asubuhi kawajibu madaktari vizuri."

"Huyo si yeye, shemeji. Nakuomba, mwite."

Alipewa dawa kabla hajapoteza fahamu. Aliporejea nyumbani Parklands nilimsimulia simu ile. Hakuikumbuka hata kidogo. Akauliza, "Basi ulizungumza na nani?" Swali hilo linanitisha mpaka leo.

Mwaka huu saratani ilirudi, ikamchukua. Alichoniachia ni hiki: maswali ya hospitali yana kazi yake, lakini wewe ndiwe unayejua mtu wako huongea vipi akiwa mzima. Msikilize sasa, na siku ukisikia tofauti, sema, hata wakikucheka. Jana msibani nilimwuliza ndugu yake makusudi, "Kiti yake iko wapi?" Akanionyesha tu. Nilisimama mbele ya kiti hicho nikingoja kusahihishwa, kisha nikajisahihisha kwa sauti: "Kiti chake, bwana." Ndugu yake akageuka ghafla kutazama mlangoni, kana kwamba mwenye kiti kaingia.