Nguruwe wa Wali wa Phang Jin-moi

Phang Jin-moi, binti Phang A-shui mtengeneza tofu wa Peipu, mjukuu wa bibi aliyevusha mawe ya kusagia soya mlimani kwa mgongo wake mwenyewe, mke wa Lau Yun-fa mkulima wa chai, mama wa A-min aliyekwisha kuliliwa akafumbua macho, mpishi asiyegusa damu, ndiye aliyewapelekea Mashujaa nguruwe wa wali. Nimeyataja yote, hata lile la mawe, ambalo sikuliona na sijui nani aliliona. Isije ikasemwa kwamba mimi, mke wa mdogo wa mumewe, nimempunja.

Tuliolewa nyumba moja. Yeye alitangulia, kwa hiyo nilipofika nilikuta jiko limeshapata mwenyewe. Nilikuja na kabati mbili za nguo na cherehani mpya. Yeye, nasikia, alikuja na gudulia la chumvi na mbegu za haradali. Lakini tukikaa mezani, Mama mkwe alikuwa akila anamtazama nani? Yeye. "Jin-moi, hizi figili umezifanyaje?" Figili! Kama vile mimi nilikuwa napika changarawe.

Halafu A-min akaugua. Alikuwa mtoto wa miaka minne, homa ikamshika mpaka macho yakageuka meupe, daktari wa mjini akakunja mkoba wake. Baba mkwe, mzee Lau Thien-song, akatoka, akaenda hekaluni kwa Mashujaa, wale vijana wa zamani waliokufa wakivilinda vijiji vyetu. Akawasha udi, akaweka nadhiri: mtoto akipona, zamu ya kijiji chetu ya kuandaa sikukuu ya mwezi wa saba ikifika, atawatolea nguruwe mkubwa kuliko wote.

Wakati huohuo Jin-moi alikuwa amepiga magoti jikoni mbele ya sanamu ya Mama wa Huruma wa Kibudha, naye anaweka yake: mtoto akipona, damu ya kiumbe chochote haitapita kinywani mwake wala mkononi mwake mpaka anaingia kaburini.

Mtoto akakaa kitandani, akaomba uji.

Kosa la namna hiyo hutokea kwetu tu. Watu wawili wa nyumba moja wanamwekea mgonjwa mmoja nadhiri mbili zinazopigana, na hakuna aliyemwuliza mwenzake. Baba mkwe akasema aliyeponya ni nguruwe. Jin-moi alilichukua karai lake, akalisugua kwa majivu mpaka harufu ya mafuta ya nguruwe ikatoka, akalitundika upande wake wa ukuta. Tangu siku hiyo jiko letu likawa na makarai mawili. La kwangu lilikuwa na nyama, ngisi mkavu na vitunguu vya kukaanga. La kwake halikuingia hata kitunguu, maana wanaokula kwa nadhiri ile hawali kitunguu wala kitunguu saumu. Alipikia mafuta ya mbegu za chai, tangawizi, uyoga, karanga na majani ya haradali aliyoyakausha juani.

"Majani tu?" Baba mkwe akamtania. "Mwanangu Yun-fa, umeoa sungura."

"Sungura hapigi kelele mezani, Baba," Jin-moi akasema, akamwekea bakuli.

Mzee akaonja kwa dharau. Akaonja tena. Mwisho bakuli likawa tupu, na nyama yangu imepoa katikati ya meza kama mgeni asiye na mwenyeji.

Nguruwe wa nadhiri alinunuliwa akiwa mdogo wa kubebwa kwapani. Nani alimlea? Jin-moi alisema hawezi kumnenepesha mtu kwa ajili ya kisu. Alisema hivyo hivyo, "mtu". Basi nikapewa mimi. Nilimchemshia viazi vitamu, nilimwogesha, nilimpepea wakati wa joto, nilimwekea chandarua. Sikumpepea hivyo hata mume wangu. Akakua, akanenepa mpaka hawezi kusimama vizuri. Watu wakaanza kuja kumwona, na kila aliyekuja nilimwambia, "Huyu nimemlisha mimi." Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile watu walikuwa wakiuliza nilipo.

Mwaka wa zamu yetu ulipofika, Baba mkwe akatuita sote ukumbini. Kwa akina Lau, mama wa mtoto aliyeponywa ndiye anayeshika beseni la damu.

"Sitashika, Baba," Jin-moi akasema.

"Umesemaje?"

"Nikishika beseni lile, nadhiri yangu imekwisha. Na homa inaijua njia ya kuja hapa. Mwanangu huyo hapo, mtazame."

A-min alikuwa mlangoni anamenya ndizi.

"Na nadhiri yangu mimi?" mzee akafoka. "Niwaambie nini Mashujaa? Kwamba mkwe wangu anawaonea huruma nguruwe?"

"Nitakutolea nguruwe mimi. Mkubwa kuliko wote. Nitamtengeneza kwa wali."

Shangazi mmoja akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza jasho langu kule bandani.

"Tutawauliza wenyewe," Baba mkwe akasema mwishowe. "Mbele ya kijiji kizima. Zile mbao za kuulizia zikikubali mara tatu mfululizo, peleka wali wako. Zikikataa, beseni utalishika, na sitaki kusikia machozi."

"Sawa, Baba."

Alisema sawa, lakini nilimwona jikoni akishindwa kufunga kamba ya aproni. Alikuwa ameweka uhai wa mwanawe juu ya vipande viwili vya mbao, na sisi sote tulijua.

Hekaluni watu walijaa mpaka ngazi za nje. Mbao zile zina umbo la nusu mwezi, upande mmoja bapa, mwingine umebinuka. Moja ikiangalia juu na nyingine chini, umekubaliwa. Zote zikionyesha upande uliobinuka, umekataliwa. Zote zikilala bapa juu, Mashujaa wanakucheka, uliza vizuri. Nilisimama karibu na nguzo. Nilitaka zikatae. Nani asingetaka? Nguruwe nilimlea mimi.

Jin-moi akazirusha. Zote bapa juu.

"Wanacheka!" wanaume wakapiga makofi. "Jin-moi, wanakucheka! Kawapikie tofu!"

"Wapelekee na vijiti vya kulia!" mwingine akaongeza.

Hakugeuka. Aliziokota, akazishika kifuani, akasema kwa sauti ile yake ndogo, lakini siku hiyo kila mtu alisikia.

"Ninyi mlikuwa watoto wa watu. Mama zenu walipika wakawangoja, hamkurudi. Damu mliyoimwaga haikutosha? Mnataka nyingine kwa ajili ya mwanangu? Kama mnataka, semeni. Kama hamtaki, njooni mle kwangu."

Mzee mmoja akavua kofia.

Akarusha. Moja juu, moja chini. Akarusha tena. Moja juu, moja chini. Mara ya tatu ubao mmoja ukazunguka, ukazunguka. Ukalala chini, mwenzake juu.

Baba mkwe akamwambia Yun-fa, "Kakate mianzi. Mingi."

Walisuka mifupa ya mwanzi mirefu kuliko kitanda cha maarusi. Jin-moi akaivika wali unaonata uliochemshwa na uyoga na karanga, gunia baada ya gunia, akaukandamiza kwa viganja vilivyolowa mpaka ukawa nyama. Juu yake akatandaza utando wa maziwa ya soya, mwembamba, wa manjano, ukakunjika shingoni kama ngozi ya nguruwe hasa. Mgongoni, pale tunapoacha manyoya, akapanga majani meusi ya haradali kavu. Mdomoni akamtia nanasi. Mimi nilichochea moto tangu alfajiri. Andikeni na hilo, maana hakuna aliyelisema.

Siku ya sikukuu, nguruwe wengine walilala kwenye fremu zao midomo wazi, nzi juu yao. Wa kwetu alinukia. Watu waliacha foleni nyingine zote. Wazee wasio na meno walikuja na mabakuli. Alipokatwa, kila ndugu akaenda na kipande nyumbani kama ilivyo desturi ya kugawa nyama, na waliokosa walirudi kuuliza. Mume wangu mwenyewe, Yun-kwong, alikula vipande vitatu mbele ya macho yangu.

"Wali ni wali," nikamwambia.

"Basi nipe chako," akanijibu.

Na yule wa bandani? Hachinjwi tena, nani atamtunza? Mimi. Jin-moi alimpunguza unene kwa machicha ya soya na majani mpaka akaweza kutembea uani. Akaishi miaka, akazeeka, akafa usingizini kama jaji mstaafu. Na kila asubuhi nikifungua banda, mimi niliyempepea na kumwekea chandarua, alinipita kama nguzo, akaenda kusimama mlangoni kwa Jin-moi akimngoja. Mpaka leo likinijia roho inanichoma.

Zamu ikazunguka, akatengeneza tena. Ikazunguka tena, akatengeneza. Watu wa vijiji jirani wakaanza kuiga, baadhi kwa tambi, wengine kwa unga, wote wabaya kuliko wake. Hilo nalisema bila kulipwa. Mwaka huu nina miaka themanini na natembea na fimbo. Yeye ananizidi mitatu, na bado anapanda mlimani kuchuma machipukizi ya mianzi. Daktari kijana alimpima presha akamwuliza anakula nini. Jin-moi alipoondoka, daktari akanigeukia mimi. "Na wewe, bibi?" Nikamwambia, "Pima, usiulize."

Lakini viganja vyake vimekauka, haviwezi tena kukandamiza wali wa moto. Juzi alituita jikoni, mimi na Suk-fong, mke wa mwanangu. Nilivaa blauzi yangu ya hariri. Nilijua kilichokuwa kinakuja, na ni nani mwingine katika nyumba hii ameuona moto ule mara zote?

Akachukua mkono wa Suk-fong.

Suk-fong, ambaye mwaka jana tu aliacha kula nyama, na ambaye kitunguu bado anakitamani!

"Dada," nikasema, "huyo hata chumvi hajui kuipima."

"Ndiyo maana wewe upo, mdogo wangu. Utakaa pale kwenye kigoda umsahihishe. Najua hutanyamaza."

"Sitanyamaza."

"Nakutegemea hapo." Akamgeukia Suk-fong, akakifungua kiganja chake, akakigusa katikati kwa kidole. "Hapa ndipo utakapoungua kwanza. Usitoe mkono haraka, wali utapasuka. Magunia yako stoo. Kesho mapema, kabla baba yako mkwe Yun-kwong hajaamka kuuliza chai, uoshe mchele mpaka maji yawe meupe kidogo tu, siyo safi kabisa, halafu uuloweke."