Pilipili Apimwa Kabla ya Kupandishwa

Saa mbili asubuhi, mlinzi wa ghala ambaye wenzake humwita Mama Mbwa bado hajaenda kulala. Amekaa kwenye benchi la kliniki ya mifugo na sare yake ya kazi, buti zimejaa vumbi. Pilipili, mbwa wake jike wa rangi ya kahawia ambaye hukesha naye ghalani, amemlalia miguuni.

"Moyo unanienda mbio kuliko siku niliyojifungua mwenyewe," anasema.

Ana sababu. Jike aliyekuwa akilinda naye zamani alipandishwa bila kupimwa. Mimba ikatoka, homa ikapanda, mbwa akamfia mikononi. Baadaye ikajulikana kwamba dume alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza unaotoa mimba. Kipimo cha damu kingeugundua.

"Nililia mpaka sauti ikakauka. Watu wakaniambia, mbwa tu huyo. Mbwa tu? Wezi walipokuja na nondo, nani alisimama kati yao na mimi?"

Safari hii hakutaka kubahatisha. Pilipili amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo, ametolewa damu na kupigwa picha ya nyonga, na joto lake la kwanza, yaani msimu wa kutaka dume, liliachwa lipite ili akomae. Dume naye, wa jirani yao seremala, ameshapimwa.

Mumewe, dereva wa trekta, haachi utani: "Mimi nikikohoa naambiwa ninywe maji ya moto. Mbwa anapigwa picha ya nyonga!"

Zamu yao inafika. Daktari anasikiliza moyo wa Pilipili, anapapasa tumbo, kisha vidole vyake vinasimama. Karibu na titi la nyuma kuna uvimbe.

"Daktari, niambie tu," Mama Mbwa anasema kwa sauti ndogo.

Daktari anashika wembe. Ananyoa manyoya, anainama, anachukua koleo dogo. Pilipili analia mara moja. Usaha unatoka, na ndani yake mwiba.

"Ni huu tu, mama. Damu ni safi, nyonga ziko sawa. Kidonda kipone, halafu joto lijalo mpeleke kwa dume bila wasiwasi."

Mama Mbwa anajikuta ameketi sakafuni, amemkumbatia Pilipili shingoni, anacheka huku anajifuta machozi kwa mkono wa sare.

Kazini, wenzake wameshaanza kugombania watoto ambao hata mimba yao haijatungwa. Yeye amepanga kuwafundisha ulinzi, kisha awape wanawake wanaokesha malindoni peke yao.

"Mmoja tu simtoi," anasema, akifunga kamba ya Pilipili. "Huyo nitakesha naye mimi, ili mama yake alale."