Siku Nilipoitika Abee

Ukipita Mtongwe ukasikia mtu anaitwa "Mwanahamisi!" kisha ukaona anayegeuka ni mwanamume wa makamo, mwenye ndevu na kofia, basi huyo ni mimi, na nakuomba usicheke mpaka nimalize. Nimejaribu kuisahau siku ile nikashindwa. Hunijia kama ndoto ya mchana, zile unazoziota ukiwa umekaa na macho wazi, kila kitu kinakwenda polepole na sauti zinatoka mbali, isipokuwa sauti yangu mwenyewe, ambayo mpaka leo naisikia wazi kabisa.

Mimi ni karani wa ghala huko Changamwe. Kazi yangu ni kuandika kilichoingia, kilichotoka na nani kakichukua, na ugonjwa huo nimeuleta hadi nyumbani (niliwahi kubandika ukutani zamu za kuosha vyombo, mke wangu Mishi akaibandua karatasi akafungia bizari). Sasa binti yetu Saumu alikuwa anatakiwa apeleke shuleni cheti cha kuzaliwa ili aandikishwe mtihani, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Cheti chenyewe kilikuwa tayari, kinangoja kuchukuliwa tu, nami nilikuwa nimepiga kalenda wiki mbili nzima. Asubuhi ile Mishi alinisindikiza hadi mlangoni.

"Baba Saumu, wenda kuchukua cheti. Huendi kupanga watu. Nakujua."

"Saa nne niko hapa, inshallah."

Nilifika ofisi ya vyeti, hapa hapa Likoni, kabla lango halijafunguliwa. Wenyewe mwajua desturi yetu: anayefika mapema huweka kitu chake kwenye foleni, kisha huenda zake kunywa chai. Kwa hiyo foleni niliyoikuta ilikuwa ya ndala moja, jiwe, jiwe jingine, chupa ya maji, kipande cha tofali na kikapu, na wenyewe wamekaa ng'ambo ya barabara wanakula mbaazi na mahamri. Mimi nikasimama kwa miguu yangu nyuma ya kikapu, mtu wa saba. Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini kina mama wawili wakaanza kugombea jiwe, kila mmoja aapa wallahi ni lake, na jiwe, kama mjuavyo, halina mdomo. Mwili ukaniwasha. Nikatoa daftari.

"Jamani, mawe hayana majina. Tuandikane."

Wakakubali haraka mno, wakasema huyu mtu wa maana, na mimi kichwa kikavimba. Nikaanza na mwenye ndala, nikateremka na foleni hadi mwisho, nikiuliza, nikiandika, nikipiga mstari kwa ukingo wa kitambulisho ili unyooke. Niligombeza waliochelewa. Niliwaambia kusimama hapa si hoja, hoja ni jina. Nilipofika arobaini nikamkuta bibi mmoja mwembamba, kajifunga leso, amekalia ndoo aliyoifudikiza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie binti yangu, Mwanahamisi. Yuwaja, yuko feri."

"Bibi, asiyekuwapo haandikwi. Utaratibu ni utaratibu."

Akanitazama kama anayetazama samaki wa jana. "Haya, niandike mimi."

"Jina?"

"Mwanahamisi."

"Bibi!"

"Kwani wewe wanijua naitwa nani?"

Watu wakacheka, nami nikaandika: arobaini, Mwanahamisi. (Baadaye nilikuja kujua kuwa yeye ni Bi Riziki.) Aliyefuata alikuwa kijana wa bodaboda, arobaini na moja, na nikaendelea hadi hamsini na mbili. Lango lilipofunguliwa, askari wa mlangoni akaisoma orodha yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaipeleka ndani kwa mama mwenye miwani aliyekaa nyuma ya kioo. Mama huyo akaanza kuita majina kama nilivyoyaandika, kwa mpangilio wangu, na wallahi sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Hapo ndipo niliponyakuliwa. Ukumbi ulikuwa na joto lile la kulewesha, pangaboi linazunguka kivivu kama linafikiri kwanza kila mzunguko, upepo wa mkondoni unaingia dirishani na kutoka, na watu wakawa wananijia mmoja mmoja. "Karani, hebu nitazamie fomu hii." Nikatazama. "Karani, hapa naandika nini?" Nikaonyesha. Kidogo kidogo nikajiona niko upande wa pili wa kioo, mimi na muhuri wangu, mezani hakuna vumbi, na watu wote wa Likoni wanapita mbele yangu bila kusukumana, kila mmoja na karatasi yake nyeupe, wananisalimu kwa heshima kisha wanatoka kwenye jua. Hata mawe ya pale nje yalikuwa yamejipanga. Sijui nilikaa humo muda gani. Jina likiitwa, natabasamu kama mzazi siku ya mahafali.

Aliyeniamsha ni askari. "Sikizeni! Leo mwisho ni arobaini. Waliobaki warudi kesho."

Mama wa kioo alikuwa amefika thelathini na nane. Nikajisemea, wewe ni wa saba, mbona hujaitwa? Nikaenda dirishani, nikaomba niione orodha, nikaisoma toka moja hadi hamsini na mbili, kisha nikaisoma toka hamsini na mbili hadi moja. Mistari ilikuwa imenyooka ajabu. Jina langu halikuwamo. Baada ya mwenye kikapu nilikuwa nimemwandika mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Afande, kuna mtu amesahauliwa."

"Nani?"

"Mimi."

"Na aliyeandika ni nani?"

Nilitamani kelele za pangaboi zinifunike sauti. "Mimi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kijana wa bodaboda akasimama kabisa. "Mzee, si ulituambia kusimama si hoja, hoja ni jina?" Na wengine, kwa pamoja kama darasa la watoto: "Utaratibu ni utaratibu!"

"Jamani, ni cheti cha mwanangu," nikasema. "Kesho ndio mwisho. Asipokipeleka hataandikishwa mtihani."

Kicheko kikapungua, lakini hakuna aliyesogea. Nikamwona Saumu kichwani mwangu, daftari kalipanga, kalamu kazichonga (amenirithi, maskini), anangoja. Nikakaa kwenye benchi, karibu na ile ndoo.

"Asiyekuwapo haandikwi," akasema Bi Riziki bila kunitazama. "Nawe hukuwapo, mwanangu. Tangu asubuhi ulikuwa kule ndani ya kioo."

Nikaitia kalamu mfukoni.

"Mwanahamisi wangu kapiga simu," akaendelea. "Kazini wamemrudisha, haji tena leo."

Wakati huohuo mama wa kioo akaita: "Arobaini! Mwanahamisi!"

Nikachomwa kiwiko mbavuni. "Itikia."

"Bibi, mimi ni mwanamume!"

"Nami ni Riziki. Itikia, ama nafasi ipotee."

Nikasimama. Nilikusudia kusema "naam" kama wanaume wenzangu, lakini jina lile halikuwa na naam ndani yake, na kilichonitoka, chembamba, cha adabu, mbele ya ukumbi mzima, kilikuwa: "Abee!"

Siwezi kuwaeleza. Kuna mtu alianguka kutoka kwenye benchi. Mama wa kioo alivua miwani akanitazama ndevu.

"Wewe ndiye Mwanahamisi?"

"Kwa leo, mama, ndiye."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Kijana wa bodaboda akalalamika, kwa haki, kwamba nafasi ya asiyekuwapo ilikuwa yake, naye akaambiwa, "Njoo na wewe, leo mwisho arobaini na moja."

Nikakabidhiwa cheti, wino wa muhuri bado mbichi. Nilikisoma pale pale: jina la Saumu, siku aliyozaliwa, na chini, penye mstari wa baba, jina langu, limeandikwa na mtu mwingine. Nililitazama muda mrefu.

Nilipofika nyumbani saa tisa habari ilikuwa imeshatangulia. Mishi alipokea cheti, akamwita Saumu akakihifadhi, kisha akasema, "Karibu, Mwanahamisi."

Tangu siku ile daftari halitoki ghalani, na ikitokea lazima nishike kalamu kwenye foleni, jina la kwanza ni langu, waniite mchoyo wakitaka. Lakini Bi Riziki nikikutana naye sokoni, hata nikiwa na wazee wenzangu wa msikitini, huniita kwa sauti ile ile, nami husimama, nikaweka kapu chini, nikaitika abee.